Mfongo wa Ukoo wa Lyatuu

Usiku wa jana niliota nimesimama kijijini kwetu Kilema, mbele ya kinu cha maji cha ukoo wetu, na gurudumu halizunguki. Bibi Aikande, mama wa baba yangu, amekaa juu ya gunia la kimea cha ulezi. Dada yangu anaolewa Jumamosi. Bila unga hakuna mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, na bila mbege wakwe watarudi kwao.

Ninakagua mfongo, mfereji unaoleta maji kinuni. Maji yapo. Yanafika mita tatu kutoka nilipo, yananiona, yanasimama.

"Sheria ni moja," mfongo unasema. "Asiyekuja kunisafisha hapati maji. Elirehema, hujaja miaka tisa."

"Mimi ni mhandisi wa maji."

"Ndiyo maana nakwambia kwa upole."

Bibi anacheka. "Msamehe. Huyu hata jembe analiita kifaa."

Ninafungua vipimo vyangu. Mfereji uliochimbwa bila chombo cha kupimia lazima uwe na kosa. Sasa tumo ofisini kwangu Dodoma, na mfongo unapita katikati ya meza ya mikutano. Ninapima mteremko: sentimita thelathini na tatu kwa mita mia. Mita mia zinazofuata, thelathini na tatu. Kilomita nne nzima, mpaka mtoni, thelathini na tatu.

"Nani alipima?"

"Baba mkwe wangu," anasema Bibi. "Kwa maji kidogo kwenye ganda la mgomba. Na macho."

Sijawahi kupata mstari safi namna hiyo. Ninauandika kwa kalamu ya wino.

"Kwenye ripoti unaniitaje?" mfongo unauliza.

"Mfereji."

"Neno zuri. Wapo wanaolihusisha na falaji, mifereji ya Waarabu wa Omani. Lilipanda kutoka pwani, mimi nikashuka kutoka juu. Lakini hapa naitwa mfongo, na mfongo husafishwa."

Ninavua koti, tai inabaki shingoni. Dodoma imeondoka. Ninashika jembe, ninazoa tope.

"Inama, mhandisi!" Bibi anapiga kelele. "Tope haliogopi tai!"

Maji yananipita miguuni. Gurudumu linazunguka. Jiwe la kusagia linafumbua jicho moja.

"Wewe wa nani?"

"Wa Lyatuu," ninajibu, kwa sauti kubwa kuliko kawaida yangu. "Waliochimba huu mfongo."

"Mimina ulezi."

Niliamka saa kumi na mbili asubuhi, Dodoma, ghorofa ya tatu. Kwenye kiganja cha kulia kuna lengelenge lenye upana wa milimita kumi na mbili. Nimelipima mara mbili. Katika nyumba hii hakuna jembe.