Mashua ya Askofu Mkuu

...na kiatu cha kulia kimeshaingia, cha kushoto bado, Rosina amepiga goti hapa mlangoni, goti lenyewe la miaka hamsini na nane, na Afrah wa miaka tisa kakaa ngazini, mkubwa wa kujifunga kamba mwenyewe ila mikono imeshika kitabu cha shule yao ya Kijerumani, anasoma, anamfasiria, "Bibi Rosina, sikiza, huyu Anno alikuwa askofu mkuu huko Ujerumani, zamani sana, mfalme ni mtoto, babake kafa, mamake ndiye anatawala, basi askofu akaja na mashua nzuri, akamwambia njoo uione..." njoo uione, Mungu wangu, ndiyo hayo hayo aliyoandika sir, babake Afrah, kwenye simu tangu asubuhi, mlete Afrah kwenye gati la Al Jaddaf saa kumi aione boti yangu mpya, mamake asijue, na pasipoti yake utie begini, pasipoti ya nini, kutembea kwa boti mara moja kunataka pasipoti?, lakini sir ndiye kafeel, mdhamini wake, ameachana na madam, amehama, visa ya Rosina bado iko kwa jina lake, akikasirika tu, khalas, atamrudisha Bukoba, na dawa za sukari za mumewe mzee Wilbard atanunua nani... "Yalla, Bibi Rosina!" Jaafar dereva huyo, getini, "kiatu kimoja unakivalisha au unakishona?", nyamaza wewe, "wakaanza kupiga makasia," anasema Afrah, "mfalme akaona anaibwa, akaruka mtoni!", akafa?, "hakufa, mtu alimrukia akamtoa, lakini kwa mamake hakurudishwa, askofu ndiye akashika nchi", askofu jamani, na msalaba kifuani, "na baadaye akafanywa mtakatifu", usiniambie!, marehemu mama alikuwa akisema, Rosina mwanangu, mwizi wa mtoto haji na gunia, huja na ndizi mbivu, na madam Kawthar akitoka kwenda kazini amesema nini, "Bi Rosina, nakuachia roho yangu", na Rosina akaitikia haya madam, pasipoti tayari imo begini, mimi nimetumwa tu, nimetumwa tu, ndivyo anavyojiambia tangu asubuhi, "Afrah, na aliyemvisha huyo mfalme siku hiyo, kitabu kimemtaja?", kurasa zinapekuliwa, "hakijamtaja, Bibi, kwani alifanya nini?"... alifanya nini, hakufanya kitu, alipiga goti kama hivi, mtoto wa kifalme hajivishi, akawaona wale wanaume wanavyotazamana, akakaza kamba, akasema nenda baba, na miaka karibu elfu hakuna aliyemuuliza, honi inalia, "madam atarudi mnafunga viatu!" Jaafar anacheka, hajui anachokisema, mguu mdogo umo kiganjani, una joto, soksi imetoboka kidoleni, na lile neno nimetumwa analitafuta sasa halioni, kwa sababu yule mwanamke aliyemvisha mfalme, Rosina ana hakika kama anavyolijua jina lake la ubatizo, yule mwanamke alijua.