Pumba Mlangoni kwa Mwanaisha

Bibi Mwanaisha hakuwa mtu wa kudanganywa kwa tabasamu. Alipopewa chumba kwenye ghorofa la wazee pale Korogwe, kodi ya kutupwa na maji humo humo ndani, aliapa kwamba humo atatolewa kwa jeneza. Sharti lilikuwa moja tu: asiyelala kwake siku tatu, chumba anapewa mwingine. Na Hajira, jirani yake wa mlango wa pili, Mshambaa wa Bungu, alikuwa na mdogo wake aliyesubiri chumba mwaka wa pili sasa. Haya, jumlisha mwenyewe.

Kila alfajiri alikuta pumba za mahindi zimenyunyizwa kizingitini. Mwanzoni alisema ni uchawi, akazikanyaga huku akisoma dua. Halafu siku moja akachungulia tundu la ufunguo, akamwona Hajira ameinama anakagua nyayo. Kumbe mwanamke anahesabu siku zake! Tangu hapo Mwanaisha hakulala nje. Hata kaka yake alipofariki Kabuku, alikwenda msibani akarudi jioni ile ile, na shemeji zake wanamsema mpaka leo.

Mwishowe akachoka. Za mwizi arobaini. Asubuhi moja hakufungua mlango. Alikaa kwenye kigoda, mchi mkononi, akisubiri aone Hajira atafanya nini.

Saa mbili akasikia hatua zikija mpaka mlangoni. Kisha Hajira akaita, "Da Mwanaisha." Hakujibu. Hatua zikakimbia ngazini, zikarudi na za Benedicto, msimamizi wa jengo.

"Vunja," Hajira alisema.

Ona pupa hiyo, Mwanaisha aliwaza, akaukaza mchi.

Kitasa kiling'oka. Hajira aliingia kichwa wazi, mtandio umebaki huko ngazini. Alipomwona mwenzake amekaa mzima, aliketi sakafuni na kulia.

"Aliyekutangulia humu alikufa, akakaa siku nne bila mtu kujua," alisema. "Siku nne, dada, na mimi niko upande wa pili wa ukuta. Kwetu Bungu uwanja usipofagiwa asubuhi, jirani anaingia kutazama. Huku kuna uwanja gani?"

"Si ungenigongea?"

"Salamu zangu tu huitikii."

Mwanaisha alikosa pa kuuficha ule mchi. Aliona aibu, aibu ya kweli, ya mtu mzima.

Siku ya pili kizingitini hapakuwa na kitu. Wala ya tatu. Jioni hiyo Mwanaisha alichota konzi ya pumba, akainyunyiza mlangoni kwa Hajira.

Baada ya swala ya alfajiri alikwenda kutazama. Hazijakanyagwa. Jua likachomoza, bado. Alikuwa amenyanyua mkono agonge mlango ulipofunguka.

"Unanivizia?" Hajira aliuliza.

"Ndiyo," alijibu Mwanaisha, machozi yakimtoka. "Na kesho uamke mapema."