Kiti cha Nyuma

Pikipiki ya Modest ilikuwa na tabia moja iliyomfanya mkewe aichukie: akiipanda Modest peke yake inakimbia, akimpakia Valeria inazima. Haikuzima hapohapo, ingekuwa afadhali. Ilisubiri watoke kijijini kwao Mbuji, wakutane na mlima wa kwanza, ndipo ikohoe mara mbili tatu na kunyamaza. Valeria akishuka, Modest akapiga kiki kidogo tu, inawaka kana kwamba haijawahi kuugua.

Kwa ushahidi wa namna hiyo, nani angemtetea Valeria? Alikuwa amemzaa Lidia, na mwili ukanenepa kama unavyonenepa wa wanawake wengi. Siku moja baada ya misa, wanaume wakiulizana habari za vyombo vyao, Modest akasema, "Pikipiki yangu nzima kabisa, ila mama Lidia imemkataa." Watu wakaangua kicheko. Valeria naye alicheka, maana ungefanyaje katikati ya watu? Tangu hapo hata gulioni aliulizwa kama pikipiki imeshamkubali. Akaanza kula nusu ya ugali wake na kusema ameshiba. Modest hakuona kitu. Si mtu mbaya Modest, ila anapenda kuchekesha, na watu wa aina hiyo huwatazama wanaocheka tu.

Haki yake tumpe, alihangaika. Pikipiki yenyewe aliinunua kwa bwana shamba mstaafu, kuukuu lakini ngumu. Fundi wa Mbinga mjini aliifungua kabureta, akaiosha kwa petroli, akapuliza jeti zake, vile vitundu vya mafuta, akabadili na plagi. Kila akimaliza aliizungusha stendi ya mabasi, peke yake, ikaenda bila kusita. "Kabureta haina kosa," akasema, na hakudanganya. Nyumbani, Modest hakubanduka na bisibisi yake, akikaza na kulegeza skrubu ya hewa mpaka kichwa cha skrubu kikaisha.

Sasa Aurelia, mdogo wake Valeria aliyeolewa Lituhi, akamchagua dada yake awe mama wa ubatizo wa mwanawe. Ubatizo ulikuwa Jumapili. Jumamosi asubuhi Modest alisema, macho pembeni, kwamba labda aende yeye amwakilishe.

"Na mtoto nani atamshika pale kanisani, baba Lidia?" Valeria aliuliza. "Pikipiki?"

Akampeleka Lidia kwa bibi yake, akajifunga kitenge kipya, akapanda.

Mlima wa kwanza ikazima. Valeria akashuka, ikawaka, Modest akaipandisha na kumngoja juu, naye akaja kwa miguu huku amekusanya kitenge mkononi. Mlima wa pili vilevile. Wa tatu hakuupanda. Alikaa kwenye ukingo wa barabara, ziwa likionekana kule chini, akalia kwa hasira.

"Nenda," alisema. "Mwambie Aurelia nimekataliwa."

Modest alisimama pale akiwa hajui ashike nini. Ndipo akatokea mwanamume mmoja mwembamba akisukuma baiskeli yenye kiroba cha usipa, dagaa wa ziwani, aliokuwa akiupeleka gulioni Mbuji. Jina lake Kilian.

"Poleni, jamani. Chombo kimegoma?"

"Kinagoma nikimpakia..." Modest akaishia hapo. Kumalizia aliona aibu.

"Kinanigomea mimi," Valeria akamalizia. Akafuta uso. "Kaka, hebu panda wewe."

"Mimi?"

"Wewe. Akupeleke mpaka kule kwenye daraja, mrudi."

Valeria hakuwa na ujuzi wowote aliokuwa akiutumia. Alikuwa amechoka kuwa peke yake katika kosa hilo, basi. Kilian akaegemeza baiskeli, akapanda, wakaondoka. Muda si mrefu wakarudi, Modest juu ya pikipiki, Kilian nyuma kwa miguu akicheka hadi anapaliwa.

"Dada, na mimi imenikataa! Na kwetu wananiita Ufito!"

Valeria akaacha kulia. Kumbe si nani amekaa. Ni kwamba kuna aliyekaa.

"Kaka, kaa tena. Simama. Kaa."

Akapiga magoti vumbini na kitenge chake kipya, akachungulia. Chini ya kiti ulipita mpira mwembamba mweusi. Kila Kilian alipokaa, bati la kiti lilishuka, likaubana mpira ule juu ya chuma ukawa bapa. Akisimama, unajaa tena.

"Huu kazi yake nini?"

Modest akainama. Akaufuata kwa kidole mpaka unakoishia.

"Wa hewa," alisema. "Injini inavuta pumzi kupitia huo, ndipo koki ya mafuta inafunguka. Ukibanwa, mafuta hayashuki. Yakiisha yaliyomo kwenye kabureta..."

"Inazima."

"Inazima, mama Lidia."

Akaupapasa ukingo wa kiti. Kile cha bwana shamba kilikuwa kifupi na kigumu, cha mtu mmoja. Huyu Modest ndiye aliyekwenda mjini kushonesha kingine, kirefu, chenye sponji nene, ili mkewe aliyetoka kujifungua akae vizuri, akakifunga kwa mikono yake.

"Nilikitengeneza kwa ajili yako," alisema.

"Najua." Alijua kweli, ndiyo maana ilimuuma. "Kiti umenipa, ahsante. Lakini nalala na njaa, baba Lidia. Nakula nusu ili nipungue, pikipiki yako inikubali."

Modest alimtazama kama anamwona akirudi kutoka mbali. Hakuna utani uliomjia. Machozi yalimlengalenga machoni, na hakuyaficha.

"Nisamehe, mke wangu."

"Nimekusikia. Lakini nilichekwa mbele za watu, na hapa tuko njiani."

Modest akamgeukia Kilian. "Kaka, ukifika gulioni waambie watu umemkuta Modest njiani. Waambie amesema kilichokuwa kibovu ni kiti alichokifunga mwenyewe, na mdomo wake. Mke wangu hana kosa lolote. Na Jumapili ya wiki ijayo nitasema mwenyewe, nje ya kanisa."

"Nitawaambia," Kilian alisema, sasa bila kucheka. "Hata wasioniuliza."

Akawakatia kipande cha tyubu kuukuu alichofungia kiroba, nao wakauvuta mpira wa hewa pembeni, wakaufunga kwenye fremu mahali kiti kisipofika. Modest akapiga kiki. Ikawaka.

Siku zote Valeria akipanda alijinyanyua kidogo, miguu imekaza kwenye vikanyagio, ati apunguze uzito, na mapaja yakamuuma hadi kesho yake. Hakuwahi kumwambia mtu. Safari hii alilegeza miguu, akaketi kwa uzito wake wote, springi za nyuma zikalia.

Modest aliusikia mzigo ukitua nyuma yake. Akageuza kichwa.

"Umekaa?"

"Nimekaa," Valeria alisema. "Twende, mtoto anatungoja."