Halva ya Mama Hosiyat

Kazi ya Ilhom ilikuwa kusikiliza simu za watu kwa niaba ya serikali, ingawa mtaani kwao Samarkandi alijulikana kama karani wa posta. Siku ya harusi ya jirani, mtu alimsogezea Mama Hosiyat wa mtaani hapo sahani ya halva, na Ilhom akaropoka:

"Jamani, msimuue mama wa watu! Daktari si kamkataza sukari juzi?"

Habari hiyo Mama Hosiyat alikuwa amemwambia mtu mmoja tu, mwanawe Sardor aliyekimbilia Warsaw, tena kwa simu. Uso ukamshuka Ilhom. Ulimi hauna mfupa, na wake ulikuwa umemvua nguo hadharani.

Mama hakufoka. Alichukua birika, akalijaza bakuli la chai la Ilhom hadi ukingoni, kama ajaziwavyo mgeni anayetakiwa aondoke.

"Kumbe ni wewe, baba," akasema. "Haya, nisaidie basi. Simu ilikatika mwanangu hajamaliza. Alisema nini?"

Ilhom alikumbuka vizuri. Sardor alikuwa akiita tu, "Mama? Mama, bado upo?" na aliyemsikia ni Ilhom peke yake, akitafuna mbegu za alizeti.