Sumaku ya Pili

Hasira zangu huja polepole. Ukinichokoza leo, huenda nikalipuka Alhamisi. Lakini yule kijana wa duka la ala za muziki, Jesper, alinichokoza mwezi mzima, na hadi leo nikipita mjini Skövde na lori langu la maziwa na kuliona lile duka, vidole vyangu vinakaza usukani vyenyewe.

Naitwa Ingalill. Mwaka huu natimiza miaka sitini na miwili, na nimepiga gitaa la besi katika bendi yetu ya dansi hapa Falköping kwa miaka thelathini na mmoja. Gitaa langu la zamani lilikuwa la betri. Sikukuu ya kiangazi, watu mia tatu wameshikana wanacheza wimbo wa taratibu, betri ikafa. Besi ikinyamaza watu hawajui kilichokosekana, wanahisi tu miguu imekuwa mizito. Kjell, mwimbaji wetu, alinigeukia akaninong'oneza, "Vipi dada, umesinzia?" Usiku huo nikaapa kwamba gitaa langu lijalo halitakuwa na betri. Nyuzi, sumaku na mkono wangu, basi.

Nilijua ninachotaka. Gitaa la bei ya kati, kama krona elfu tisa, maana yale ya bei ya chini shingo hupinda baridi ikianza, na yale ya bei mbaya utaogopa hata kuyatoa nyumbani. Na liwe na sumaku za aina mbili chini ya nyuzi, za kunasa sauti. Ile ya katikati, iliyogawanywa vipande viwili, inatoa sauti nene ya kubeba dansi. Ile nyembamba ya karibu na daraja, pale nyuzi zinapofungwa, inatoa sauti kavu yenye makali, ili kila noti isikike hata kodiani ikipiga mayowe. Kuna swichi ndogo ya kuchagua: hii, ile, au zote mbili.

"Karibu mama," Jesper akasema nilipoingia. "Unamtafutia mjukuu?"

"Najitafutia mwenyewe."

"Aa, unaanza kujifunza! Hongera. Si wengi wa umri wako wanaothubutu."

Nilitungua gitaa moja la kijani ukutani, nikachomeka waya, nikapiga. Nikageuza swichi huku, nikageuza kule. Sauti ilibadilika kama mtu aliyevua koti zito akabaki na shati.

"Nalichukua hili," nikasema.

"Hilo ni la maonyesho, mama, kila mtu amelishika. Subiri nikuletee jipya, sawasawa na hilo, bado liko kwenye boksi lake."

Nikakubali, nikalipa bila kulijaribu. Kosa hilo ni langu, silikatai.

Kwenye mazoezi Jumatano niligeuza swichi kwenda sumaku ya darajani, nikasikia sauti ileile nene. Nikaigeuza tena. Ileile. Kesho yake nikampigia Jesper simu nikamweleza.

"Usinichukie mama," akasema, kwa ile sauti ya kumbembeleza mgonjwa, "lakini mtu akishavuka sitini, masikio hupoteza zile sauti nyembamba kwanza. Ni jambo la kawaida. Gitaa ni zima kabisa."

Nilimwuliza Kjell. Akakuna shingo. "Mimi nasikia linalia vizuri tu. Labda ni kweli, Ingalill. Hatuzidi kuwa vijana."

Basi nikaanza kuogopa. Nimeendesha malori miaka ishirini. Beringi ya gurudumu ikianza kuchoka, naisikia wiki mbili kabla ya fundi. Sasa nikawa siamini ninachosikia. Nikifika kwa wafugaji nawaambia warudie maneno, ingawa nimewasikia. Usiku nalala nikihesabu ni noti ngapi zimenipita miaka yote hiyo huku wenzangu wakinionea huruma. Niliomba nafasi ya kupimwa masikio, na nilipoipata sikumwambia mtu.

Walinikalisha katika kijichumba kisichopitisha sauti, nikavaa vidude masikioni, nikaambiwa nibonyeze kitufe kila nikisikia mlio. Jasho lilinitoka kama mtu anayefanya mtihani wa leseni. Mpimaji, mwanamke aliyesuka nywele zake kwa utaratibu mkubwa, alitazama mchoro kwenye kompyuta, kisha akanitazama.

"Unasema unapiga muziki wa bendi?"

"Miaka thelathini na mmoja."

"Sijui umeyatunzaje haya masikio. Wapo wa miaka arobaini wangeyaonea wivu."

Nilimshukuru, nikaenda kukaa garini. Sikufurahi hata kidogo. Mwezi mzima nilikuwa nimejizika mwenyewe kwa sababu kijana mmoja hakutaka kurudisha gitaa.

Nyumbani nilifanya jambo ambalo nililijua tangu nikiwa na miaka ishirini, na ambalo woga ulinifanya nisilifanye. Nilichomeka gitaa, nikachukua bisibisi, nikagonga taratibu juu ya sumaku ya katikati. Ko, ko, ikajibu amplifaya. Nikagonga ile ya darajani. Kimya. Nikafungua skrubu zake, nikainua kifuniko. Ndani hamna kitu. Ganda tupu la plastiki, jeusi, zuri, linalong'aa. Na swichi ilikuwa imeunganishwa kwa waya mwekundu ili kila upande utoe sauti ya sumaku ileile moja.

Jumamosi nilirudi dukani na gitaa ndani ya boksi lake, maana kwenye risiti waliandika kuwa mali irudi na boksi. Duka lilijaa. Nilichukua kikaratasi cha foleni kama watu wote, nikasubiri namba arobaini na saba.

"Umelifungua?" Jesper akauliza, akionyesha skrubu. "Pole mama. Ukishalifungua, dhamana imekwisha."

"Dhamana ya nini? Ya ganda? Lete waya."

"Kuna wateja wengine—"

"Nami ni mteja. Lete waya!"

Mzee mmoja aliyekuwa anachagua filimbi akauchukua waya mwenyewe akanipa. Nikagonga sumaku ya katikati. Ko, ko, ko, duka zima likageuka. Nikagonga ya pili, nikaendelea kuigonga, na watu wakasikia jinsi isivyosema.

"Sumaku yangu iko wapi?" nikauliza.

Jesper alikuwa mwekundu hadi kwenye masikio. "Sasa mimi nitajuaje? Umekaa nalo mwezi mzima. Labda umeitoa mwenyewe."

"Juzi uliniita kiziwi," nikasema, "leo unaniita mwizi. Kesho utaniita nani, kijana?"

Hapo mlango wa karakana ukafunguka. Akatoka fundi wao, Behruz, bwana wa makamo, miwani juu ya paji la uso, chuma cha kulehemu bado mkononi. Hakumtazama mtu. Alitazama boksi.

"Samahani dada, naomba hilo."

Aliligeuza, akakwaruza kwa ukucha kile kibandiko kikubwa cha bei mpaka kikabanduka. Chini yake palikuwa na maandishi ya kalamu nene: HALIUZWI. SUMAKU IMETOLEWA. Na herufi B.

"Niliitoa mimi, Machi," akasema kwa sauti ya kila mtu kuisikia. "Nilimtengenezea mteja mwingine gitaa lake. Hili nikaliweka pembeni lingoje sumaku mpya." Akachungulia ndani ya gitaa. "Ila huu waya mwekundu si wangu. Mimi silehemu ovyo hivi."

"Tuliambiwa tupunguze mizigo ya zamani stoo," Jesper akasema.

"Mliambiwa muunganishe na waya?"

Yule mzee wa filimbi alitikisa kichwa, akarudisha filimbi yake kwenye rafu, akatoka.

Pesa zangu zilirudishwa palepale. Ningeweza kuondoka nazo, na nusu ya moyo wangu ilikuwa imeshafika mlangoni. Lakini lile la kijani bado lilikuwa ukutani, nalo halikuwa limemkosea mtu. Nikalitungua. Behruz akalifungua mbele yangu, akanionyesha sumaku zote mbili, akashusha nyuzi kidogo kama ninavyopenda. Nililijaribu karibu saa nzima, polepole, kila noti, huku Jesper amesimama akinishikia waya kwa sababu nilimwambia aushike.

"Samahani kama ulijisikia vibaya," akasema nilipokuwa nalipa.

"Sikujisikia vibaya. Ulinidanganya. Sema hivyo."

"Nilikudanganya."

"Haya."

Jumatano kwenye mazoezi niligeuza swichi kwenda darajani na ukumbi ukajaa ile sauti kavu niliyoitafuta. Kjell akaacha kuimba. "Hiyo ndiyo! Nilijua lile lingine lina walakini."

Nikaweka mkono juu ya nyuzi, zikanyamaza. "Ulijua?"

"Ah, nilihisi tu..."

"Ulihisi, ukaniacha niende kupimwa masikio?"

"Sikujua kama ulikwenda, Ingalill. Yule ni muuzaji, nikadhani anaelewa zaidi." Alitazama viatu vyake. "Sikutaka ubishi."

Tulifanya mazoezi kwa saa mbili bila mzaha hata mmoja. Nilipomaliza kukunja waya zangu, Kjell alikuwa ameshainyanyua amplifaya yangu, anashuka nayo ngazi mwenyewe, anahema. Sikumwomba, wala sikumshukuru.