Anga la Ngozi, Anga la Kamba

Mwaka 1999 nilikuwa mtu mzima mwenye wajukuu, nikisoma madarasa ya jioni mjini Mpanda. Mwalimu Kasimiri alitufundisha kwamba Jua haliivuti Dunia kama ng'ombe anavyovutwa. Anga lenyewe limebonyea, kama ngozi iliyowambwa kisha ikawekewa jiwe, na Dunia inazunguka kufuata bonde hilo. Nilielewa. Sisi Wasukuma wa Mwamkulu tunawamba ngozi tangu utotoni.

Wiki iliyofuata akasema wapo wataalamu wanaodai anga halikupinda hata kidogo. Limesokotwa, kama kamba ya katani. Na hesabu zote mbili zinatoa jibu lilelile.

"Sasa ukweli ni upi, mwalimu?" nikamuuliza.

"Baba Machibya, usiniulize mimi! Tena nyota za mbali zimeonekana zikitukimbia kwa kasi inayozidi kuongezeka. Wengine wanataka kuzirekebisha hesabu zote mbili."

Nilisali njia nzima nikirudi nyumbani.

Jumamosi niliongoza sala ya jumuiya yetu ya Kikatoliki nyumbani kwa Mama Verdiana, mwenyekiti wetu. Kazi hiyo niliipenda kuliko zote. Nikaanza, "Baba yetu uliye…" nikakwama. Mbingu ipi? Ya ngozi au ya kamba? Mke wangu, Nyanzala, akadakia, "mbinguni," wakaendelea naye hadi amina.

"Shule imekuharibu," alisema Verdiana.

Nikawaeleza yote. Mzee Melkior akakuna kidevu. "Kama nyota zinakimbia, sala zetu zitafika kweli?"

"Sijui, mzee."

"Na tutaongozwa na mtu asiyejua?" Verdiana akauliza.

"Kwani wewe unajua?" Melkior akamjibu. Watu wakacheka. Verdiana hakucheka, akakata shauri:

"Nyanzala ataongoza. Wewe baba, maliza kwanza masomo yako."

Nikampa mke wangu rozari, nikaenda kukaa nyuma kwenye mkeka. Ilinichoma. Nyanzala akaongoza vizuri, bila kukwama popote. Ulipofika wakati wa kutoa nia, akanitazama.

"Tuwaombee wanaolipigia anga hesabu," nikasema, "na mimi nikiwamo. Tujue kama limepinda au limesokotwa. Ee Bwana…"

"Twakuomba utusikie," wakaitikia.

Sauti ya Verdiana ilichelewa kidogo, lakini nayo niliisikia.