Mke Wangu Akae Dirishani

Cherehani ilikuwa inakwenda mbio wakati maneno yale yalipopenya kutoka sebuleni. Bibi alikuwa anapinda gauni la mteja mmoja msumbufu, wa aina ile ya "nibane hapa, niachie hapa, halafu nirudishie kama lilivyokuwa," na alikuwa ameapa kutonyanyua kichwa mpaka upindo uishe. Lakini mguu ulisimama wenyewe juu ya pedali.

"Ndiyo, nafasi mbili," Babu alikuwa anamwambia mtu kwenye simu, kwa sauti ya watu waliozeekea kwenye injini, ambao hudhani dunia nzima ina uziwi. "Kivuko cha asubuhi, Jumamosi. Mimi na mke wangu. Eeh. Sasa nisikilize, binti yangu, mke wangu akae dirishani. Ameingoja sana ngome hii. Sitaki akae nyuma ya bichwa la mtu."

Bibi alibaki na sindano imezama katikati ya kitambaa. Moyo ulimwenda mbio kuliko ile cherehani.

Inabidi ujue kwanza Babu alikuwa nani. Maisha yake yote ya kazi alikuwa fundi mashine wa kivuko kinachovusha watu kwenda kwenye kisiwa kile kidogo chenye ngome ya kale. Mtaani wanamwita Mzee Grisi mpaka leo, kwa sababu mikono yake sabuni ilishindwana nayo ikanyoosha mikono. Alipokuwa kijana, anatafuta mke, hakuwa na maneno mengi ya kumpa binti wa watu isipokuwa moja: "Ukinikubali, nitakupeleka ngomeni. Tutapanda ngazi mpaka juu kabisa, kwenye mizinga." Akakubaliwa. Wakaoana. Kisha zikaja zamu za kazi, wakaja watoto, ikaja nyumba yenye paa linalovuja, na ngome ikabaki palepale ilipo, ng'ambo ya maji. Siku za hewa safi Bibi aliiona akiwa anaanika nguo.

Safari yenyewe ilitosha kumtia mtu kiwewe cha furaha. Lakini kilichomsimamisha mguu Bibi ni lile neno. Mke wangu! Tangu mtoto wa kwanza azaliwe, yeye aliitwa Mama Watoto. Wajukuu walipokuja akapandishwa cheo, akawa Bibi, na Babu naye akafuata mkumbo, akawa anamwita hivyohivyo kana kwamba amemzaa mama yake. Neno mke lilihama nyumba ile bila kuaga. Na leo limerudi, tena linatangazwa kwenye simu, mbele ya karani wa tiketi asiyemjua!

Mwanamke mwingine angetoka mbio kwenda kuuliza. Bibi hakutoka. Alikata kauli palepale kwamba mzee amekusudia kumshtukiza, na mtu aliyechukua miaka yote hiyo kupanga jambo hastahili kuharibiwa raha yake. Akajitia hamnazo. Akakanyaga pedali, na upindo wa yule mteja ukaenda upogo kama njia ya mlevi. Ilibidi aufumue wote.

Kujitia hamnazo ni kazi ngumu ukiwa na jirani kama Redio. Jina hilo hakujipa, alilifanyia kazi. Jioni ileile alikuja kuazima pasi akamkuta Bibi amekaa sakafuni, amefungua sanduku la vitambaa vyake mwenyewe, vile ambavyo hata binti zake hawaruhusiwi kuvigusa.

"Makubwa haya," alisema Redio. "Hicho cha samawati si ulisema ni cha kuzikiwa?"

"Nimebadili mawazo. Nitakivaa nikiwa hai."

"Unakwenda wapi?"

Bibi alijikaza. Alijikaza kweli, mpaka masikio yakapata joto. Halafu akashindwa. "Ananipeleka ngomeni," alisema. "Jumamosi. Amenikatia tiketi ya dirishani. Lakini jirani, ukimwambia mtu..."

"Mimi? Nimwambie nani?" alisema Redio, na kufikia kesho yake hata muuza mkaa alimtakia Bibi safari njema.

Wiki ile Bibi alikuwa mtu mwingine. Alishona gauni lake la samawati kati ya kazi za wateja, na akaliwekea mifuko miwili mikubwa, maana mtu anayepanda ngome hawezi kushika mkoba huku na ukuta huku. Alinunua viatu vya raba vyeupe. Kisha akakumbuka ngazi. Babu alikuwa anasimulia kila siku kwa watoto wa mtaani jinsi ngazi za ngome zilivyo nyembamba na zinavyokata pumzi, jinsi mizinga ilivyoelekea baharini, jinsi upepo wa kule juu unavyomvua mtu kofia. Bibi akasema goti hili lisije likanitia aibu. Basi kila asubuhi akawa anakwenda kwenye lile jengo la ghorofa jirani na soko, anapanda mpaka juu, anashuka, anapanda tena. Mlinzi alimuuliza anamtafuta nani. "Nafanya mazoezi," alimjibu, "nina vita ya ngome." Mlinzi alicheka, na tangu siku hiyo akawa anampigia saluti.

Raha kubwa zaidi ilikuwa mezani. Bibi aliuliza maswali yake kwa mbali, kama mtu anayejiongelesha tu.

"Hivi huko kisiwani jua linakuwaje siku hizi?"

"Kali," alisema Babu, na macho yakamchangamka. "Ila mke wangu hatapigwa na jua. Nitamnunulia kofia palepale gatini, pana kinamama wanauza."

Bibi aliinamia sahani. Alijihisi msichana. "Na chakula?"

"Utufungie kitu kidogo. Mayai ya kuchemsha. Mke wangu anapenda mayai."

Bibi hakuwa na mapenzi makubwa na mayai, lakini siku ile aliona kwamba huenda siku zote anayapenda na hakujua. Mtu akishaamua kufurahi, hata masikio humwonea huruma.

Ijumaa alasiri alimaliza kushona vifungo. Alifunga mlango wa chumba, akalivaa gauni, akavaa na raba, akajitazama kwenye kioo cha kabati kilichopasuka pembeni. Gauni lilimkaa. Aligeuka huku, akageuka huku, akatia mikono mifukoni. Ndipo aliposikia gari likisimama nje, mlango ukibamizwa, na sauti ya mwanawe wa kiume ikipiga kelele kwamba ana haraka, atamfuata mtoto Jumapili. Kisha sauti nyembamba ikapasua nyumba nzima:

"Mume wanguuu!"

"Mke wangu!" Babu alijibu kwa kishindo. "Karibu, karibu! Shule zimefungwa?"

"Jana! Umetukatia tiketi?"

"Ningeachaje? Utakaa dirishani kama nilivyokuahidi."

Bibi aliketi kitandani.

Mjukuu! Yule mwenye meno mawili ya mbele yaliyokuja na haraka kuliko mengine, anayemwita babu yake mume tangu ajue kusema. Bibi mwenyewe humwita mke mwenza, hugombana naye kwa utani nani atampelekea mzee maji ya kuoga. Na mayai, jamani! Ni nani mwingine katika ukoo huu anayekula mayai namna ile? Mambo yote yalikuwa wazi kama mchana, ila yeye hakuyaona, kwa sababu hakutaka kuyaona. Aliona aibu mpaka vidole vya miguu vikajikunja ndani ya raba. Alimfikiria Redio, muuza mkaa, mlinzi wa ghorofa. Kisha aibu ikaipisha hasira, na hasira ikakaa kidogo tu, ikaja huzuni yenyewe. Hakuitwa. Neno lilipita juu ya kichwa chake likaenda kwa mtu mwingine, hata kama mtu huyo ni damu yake.

Angeweza kulivua gauni akatoka na kanga yake ya kila siku, na hadithi hii ingeishia hapo. Lakini Bibi si mtu wa kujificha nyumbani kwake. Akafungua mlango, akatoka alivyo.

Mjukuu alimwona kwanza. "Bibi! Umependeza!"

Babu aligeuka. Alimtazama kuanzia juu, macho yakashuka mpaka kwenye raba nyeupe, yakapanda tena. "Mbona umevaa hivyo? Unakwenda wapi?"

"Nilikuwa nakwenda ngomeni," alisema Bibi.

Babu ni mtu anayeweza kuisikia mashine ikikohoa kabla haijakohoa, lakini maneno haya yalimchukua muda. Alitazama mifuko ya gauni. Alitazama mlango wa jikoni, ambako mayai yalikuwa yamepangwa tayari kwenye bakuli. Polepole uso ukamshuka.

"Ulinisikia kwenye simu," alisema.

"Mtaa mzima unakusikia ukiwa kwenye simu. Uliposema mke wako, nikadhani ni mimi. Nisamehe, nilisahau kwamba nilishastaafishwa."

"Lakini wewe si ulikataa?" Babu alisema, na sauti yake kwa mara ya kwanza ikawa ndogo. "Ile siku nilipokuja na tiketi, mtoto wa pili akiwa mgongoni. Ulisema huna shida ya kwenda kutazama mawe ya watu. Nikasema basi, hataki."

"Siku ile paa lilikuwa linavuja juu ya kitanda! Nilisema vile ili usijisikie vibaya kuzirudisha tiketi. Wewe ukalibeba neno hilo mpaka uzeeni?"

"Nililibeba," alisema Babu. Alikaa kwenye kiti, akaitazama mikono yake. "Na sasa nikuambie jambo, msinicheke. Mimi mwenyewe ngome siijui."

"Haa!" mjukuu aliruka. "Na mizinga? Na ngazi?"

"Nimesimuliwa na abiria. Mimi nilikuwa chini kwenye mashine. Tukifika naambiwa zima, tukiondoka naambiwa washa. Kutoka kule chini huoni hata maji. Siku za mapumziko ningeweza kupanda, lakini nilimwahidi mtu tutakwenda pamoja. Mtu akakataa, nami nikaona haya kwenda peke yangu. Mwaka huu nikasema, nisife sijaiona, acha nimchukue huyu."

Bibi alijiandaa kukasirika upya, akakuta hasira yenyewe haipo. Miaka yote hiyo wawili hao waliitazama ngome moja kutoka pande mbili za maji, kila mmoja akimhurumia mwenzake. Alitamani kulia na kucheka, akachagua kukaa.

Babu alikuwa ameshachukua simu. "Binti yangu, ni mimi fundi. Niongezee nafasi moja kesho." Alisikiliza. "Kimejaa? Hata moja? Basi zile mbili ziandike upya. Moja ya mjukuu wangu, moja ya mke wangu... Hapana, yule wa kwanza ndiye mjukuu. Huyu ndiye mke... Ndiyo, mmoja tu, wacha kucheka. Mimi nitateremka chini kwenye mashine, vijana wale nimewafundisha mwenyewe."

Hapo Bibi alinyanyuka na raba zake, akaichukua simu mkononi mwake.

"Binti yangu, hujambo? Zifute zote mbili."

"Bibi!" mjukuu alilia.

"Jumamosi ijayo kuna nafasi? Tele? Basi tuwekee tatu zinazofuatana... Dirishani au popote, mradi hatutengani." Alimrudishia Babu simu yake. "Ulikaa chini maisha yako yote, mimi nikiwa huku. Leo nikakae juu nitazame nini?"

Babu alipangusa macho kwa mgongo wa mkono, akasingizia vumbi, katika nyumba iliyopigwa deki asubuhi hiyo.

Mjukuu alikuwa amekunja mikono, mdomo ameuvuta. "Kwa hiyo mimi ndiyo nimepewa talaka?"

"Hujapewa talaka," alisema Babu. "Umeahirishwa. Baba yako nitampigia, utakaa hapa wiki nzima."

"Wiki nzima kwa bibi?" Mdomo ulirudi mahali pake mara moja. "Na mayai yale tunakula leo?"

"Yote," alisema Bibi. "Njoo huku kwanza, mke mwenza, nikupime. Kitambaa kimebaki, na huwezi kupanda kwenye mizinga na hiyo sketi ya shule. Nyoosha mikono. Unataka mifuko mingapi?"

"Minne!"

Walikuwa katikati ya kubishana mfuko wa nne utakaa wapi, futi ya kupimia ikiwa imemzunguka mtoto kiunoni, Babu aliposogea mpaka mlangoni pa chumba cha cherehani. Alisimama pale kidogo. Akakohoa.

"Mke wangu," aliita.

"Abee!" waliitika wote wawili kwa mpigo.

"Sikukuita wewe," Babu alimwambia mjukuu. "Namwita huyu."

Bibi aligeuka, pini amezibana mdomoni, akazitoa moja moja. "Niambie. Unataka nini?"

"Sitaki kitu," alisema Babu. "Nimeita tu."